Kupita Gadi katika Jiu-Jitsu ya Brazili: Mwongozo kwa Anayeanza

Makala hii ni kwa ajili ya Muislamu aliyeanza mazoezi ya jiu-jitsu ya Brazili, au aliye mbioni kuanza, na amekwama pale ambapo karibu kila mwenye mkanda mweupe hukwama: yeye yuko juu, mwenzake amelala chali, lakini miguu ya huyo wa chini imembana kiunoni na hajui aelekee wapi. Hali hiyo ya aliye chini kumzuia aliye juu kwa miguu yake inaitwa gadi. Kuivuka miguu hiyo mpaka ukafika ubavuni mwake na ukatulia hapo ndiko kupita gadi. Tutaeleza kwa urefu njia moja tu, ya kukata kwa goti, kisha tutataja mas-ala machache ya dini ambayo anayeanza hukutana nayo mazoezini.

Kwa ufupi kuhusu mchezo wenyewe: asili yake ni judo. Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyesomea Kodokan, chuo cha judo kilichoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, alifika Brazili mwaka 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie katika mji wa Belém. Familia ya Gracie ikaukuza zaidi upande wa kushindana chini. Hakuna ngumi wala teke. Mtu hushinda kwa pointi, au kwa kumfikisha mwenzake mahali pa kukiri kushindwa kwa kumkaba au kumfunga kiungo. Wanaodhani mchezo huu ni mgeni kabisa kwa nchi za Kiislamu watazame Abu Dhabi: Sheikh Tahnoon bin Zayed Al Nahyan alianzisha huko mashindano ya ADCC mwaka 1998, Imarati ikauingiza mchezo huu katika shule zake kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2018 ulichezwa katika Michezo ya Asia mjini Jakarta.

Ama kuhusu mieleka kwa ujumla, imepokewa katika Sunan za Abu Daawuud na at-Tirmidhiy kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alishindana mieleka na Rukaanah akamwangusha. Wanachuoni wamezungumzia isnadi ya Hadiyth hiyo, lakini asili ya kujizoeza nguvu na mieleka isiyo na haramu ndani yake ni kuruhusiwa.

Aliye chini hajashindwa

Anayetoka kwenye mieleka ya kawaida huja na fikra kwamba mgongo ukigusa chini, mambo yamekwisha. Katika jiu-jitsu mambo ndiyo kwanza yanaanza. Aliye chini mwenye gadi nzuri anaweza kukukaba kwa ukosi wa vazi lako mwenyewe, kukunyoosha kiwiko, au kukupindua akawa juu yeye. Hivyo basi, usijihesabu kuwa unashinda kwa sababu tu uko juu. Kanuni za shirikisho la kimataifa, IBJJF, zinaonyesha uzito wa jambo hili: kumwangusha mtu ni pointi 2, lakini kupita gadi yake ni pointi 3, na huzipati mpaka umtulize kwa sekunde 3 baada ya kuivuka miguu.

Kosa kubwa la anayeanza ni kupigana na miguu. Anaitupa kulia, inarudi. Anaitupa kushoto, inarudi. Baada ya dakika mbili amechoka hoi, na mwenzake bado anapumua polepole. Sababu ni kwamba nguvu na mwendo wa mguu vinatoka kwenye nyonga. Maadamu nyonga za aliye chini ziko huru kuzunguka, mguu utarudi hata ukiutupa mara ishirini. Zikibanwa, mguu unabaki na uzito wake tu. Kila hatua itakayotajwa hapa chini inarudi kwenye jambo hilo, na ukisahau mkono upi unashika wapi, jiulize: ni kitu gani sasa hivi kinazuia nyonga yake isigeuke? Kama jibu ni "hakuna", usiendelee mbele.

Kwanza kaa wima

Tuseme uko ndani ya gadi iliyofungwa, yaani amekuzungushia miguu kiunoni na kufunga vifundo vyake nyuma ya mgongo wako. Kazi yako ya kwanza si kupita. Ni kukaa wima bila kuvutwa.

Kalia visigino vyako, magoti yakiwa yametanuka kidogo, mgongo umenyooka, macho yanatazama mbele na si tumboni kwake. Mkono wako wa kulia ukusanye kosi zake zote mbili pamoja, usawa wa kifua, na uzikandamize hapo. Mkono wa kushoto ushike ncha ya mkono wa vazi lake wa kulia na kuubana karibu na nyonga yake. Viwiko vyako vibaki ndani. Atakuvuta kwa miguu na mikono ili ulale juu yake, maana hapo ndipo anapokutaka. Akikuvuta, jibu kwa nyonga: zisogeze mbele na unyanyue kifua. Usijibu kwa kuweka viganja sakafuni pembeni ya mabega yake.

Hili la viganja tulirudie, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Kiganja kikiwa sakafuni, mkono wako umeshakuwa wake: anaweza kuukunja nyuma ya mgongo au kuunyoosha katikati ya mapaja. Vilevile usiache mkono mmoja ukiwa ndani ya miguu yake na mwingine nje. Hapo anafunga pembetatu: mguu wake mmoja nyuma ya shingo yako, mwingine ukiufungia, na bega lako mwenyewe linakuwa sehemu ya kitanzi. Ima mikono yote miwili iwe ndani, au yote miwili iwe nje.

Kuifungua

Ziko njia za kufungua gadi ukiwa umepiga magoti, nazo ni nzuri, lakini kwa anayeanza kusimama ni bora zaidi. Ukisimama, uzito wa mwenzako unamning'inia mwenyewe, na miguu yake inachoka haraka kuliko mgongo wako.

Umeshaushika mkono wake wa kulia, basi nyanyua mguu wako wa kushoto kwanza, kwa sababu mkono ambao ungekidaka kifundo chako upande huo umefungwa. Kisha mguu wa kulia. Simama magoti yakiwa yamekunjika kidogo, nyonga mbele, mgongo wima. Usiiname, kwani ukiinama shingo yako inakuwa karibu na kwapa lake, na huko ndiko kuna kukabwa. Sasa achia mkono wa vazi, weka kiganja cha kushoto juu ya goti lake la kulia na ulisukume chini, huku ukirudisha mguu wako wa kushoto nyuma kidogo. Vifundo vitaachana. Vikikataa, tikisa nyonga taratibu na usukume tena.

Usimnyanyue ukambamiza chini. Katika mashindano ni marufuku na mchezaji anaondolewa kwa hilo. Mazoezini ni jambo baya zaidi, kwa sababu shingo na uti wa mgongo wa mwenzako havina refa.

Kukata kwa goti

Miguu imefunguka. Hapa watu wengi husita sekunde moja kufurahia, na gadi inajengwa upya. Usisite. Kiganja cha kushoto kikiwa bado kinalikandamiza goti lake la kulia, ingiza goti lako la kulia katikati ya miguu yake na ulilaze juu ya paja lake la kulia, ugoko wako ukilikata paja hilo kwa mshazari. Mguu wako wa kushoto ubaki nje ya mguu wake, mbali kidogo, unyayo chini na goti juu, ukusimamishe kama nguzo. Sasa paja lake limegandamizwa kati ya ugoko wako na mkeka, na nyonga yake ya kulia haiwezi kugeuka.

Wakati huohuo, si baadaye, kifua kinashuka. Mkono wako wa kulia unapita chini ya kwapa lake la kushoto na kushika nyuma ya bega. Kichwa chako kikae karibu na kichwa chake, kisielee hewani. Mkono wa kushoto uache goti na ushike mkono wa vazi lake wa kulia, au kiwiko, na uuvute juu kuelekea kwako. Kwa hiyo umemshika ncha mbili: paja la kulia limebanwa chini, bega la kushoto limebanwa juu. Mtu aliyebanwa hivyo hawezi kulala ubavu, na asiyeweza kulala ubavu hawezi kurudisha gadi.

Kisha teleza. Goti lako linaparaza juu ya paja, linashuka upande wako wa kushoto, mpaka linagusa mkeka kando ya nyonga yake. Liwe chini wakati wote. Goti likinyanyuka hewani hata kidogo, nafasi hiyo inamtosha kuingiza goti lake. Ugoko ukishavuka, vuta unyayo wa kulia utoke katikati ya miguu yake, geuza nyonga zako zielekee chini, kifua juu ya kifua, goti lako la kulia karibu na nyonga yake. Kaa hapo na uhesabu moja, mbili, tatu kwa kweli. Usikimbilie kutafuta mkono wa kufunga. Wengi hupita vizuri kabisa, wakanyanyuka mapema kutafuta ushindi, wakapoteza vyote viwili.

Atakavyokuzuia

Atafanya mojawapo ya mambo matatu, na kuyajua kabla kunapunguza papara.

La kwanza na la hatari zaidi ni kupenyeza mkono wake wa kushoto chini ya kwapa lako la kulia kabla wewe hujapenyeza wako. Akiupata mkono huo atajinyanyua ubavuni na kutokea mgongoni kwako, na mgongoni ndiko pabaya kuliko kote. Kanuni ya anayeanza iwe hivi: bila mkono wa kulia kuwa ndani, goti halishuki. Kama ameshakutangulia, rudi usimame na uanze upya. Wakubwa wa mchezo wana njia nyingi za kuendelea kutoka hapo, lakini wewe rudi. Kurudi nyuma hakukupunguzii pointi.

La pili ni kuweka goti lake la kushoto kama ngao mbele ya kifua chako. Ukilisukuma kwa kifua unajichosha bure. Liondoe kwa mkono kabla hujashuka, au liache na uzunguke: shika suruali yake kwenye magoti yote mawili, yasukume upande mmoja na wewe upite upande mwingine kwa miguu. Njia hii jina lake limetokana na anayecheza na fahali, na ndugu zetu wa Pemba waliotazama mchezo wa ng'ombe wataielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

La tatu ni kukamata unyayo wako wa kulia kwa miguu yake unapotoka. Hii inaitwa nusu gadi. Usiuvute kwa nguvu kama mtu aliyenasa matopeni, kwani goti lako ndilo litakaloumia. Bakiza kifua kizito, weka unyayo wa kushoto kwenye paja lake la kulia, sukuma, na vuta kisigino cha kulia kuelekea makalio yako. Kinatoka kidogo kidogo.

Namna ya kujizoeza

Siku za mwanzo mwenzako asizuie chochote. Fanya mara kumi, kisha mbadilishane. Hatua zikikaa mwilini, azuie jambo moja tu, kwa mfano kupenyeza mkono. Baada ya hapo anzeni kila mara kutoka gadi iliyofungwa, dakika mbili, na ukipita au akikupindua mnarudi mwanzo. Mazoezi ya namna hii yanafundisha zaidi kuliko kupigana dakika tano nzima huku gadi ikitokea mara moja tu.

Mwezi mmoja wa njia hii moja unafaa kuliko njia thelathini za kwenye video. Kijana anaona usiku mtu anapita gadi kwa kuruka sarakasi, asubuhi anataka kujaribu, na aliye chini yake ni fundi cherehani mwenye watoto wanne anayehitaji vidole vyake kesho.

Na hapa ndipo penye uzito. Kwenye kumbi za mazoezi watu hawamwogopi sana mwenye mkanda mweusi. Wanamwogopa kijana mwenye nguvu aliyeanza wiki mbili zilizopita, kwa sababu mwenye mkanda mweusi anajua goti lake linaangukia wapi. Unapokata kwa goti, uzito wako wote unaweza kutua juu ya paja, kinena au mbavu za mtu aliyejitoa umzoelee. Teleza, usijiangushe. Na dalili ya kukiri kushindwa, yaani kugonga kwa kiganja mara mbili au zaidi, au kusema kwa sauti, iheshimu papo hapo, na wewe mwenyewe gonga mapema. Aliyekabwa sawasawa shingoni hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na kiwiko kilichonyooshwa hakitoi onyo refu. Uislamu umekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na mazoezi hayakutolewa katika hukmu hiyo.

Kata kucha, vua pete na saa, fua vazi kila baada ya mazoezi, oga mara tu umalizapo. Mwenye choa au jipu linalotoa maji asiingie kwenye mkeka mpaka apone, hata kama mashindano ni kesho.

Mas-ala yanayoulizwa

Kuinama. Katika kumbi nyingi wachezaji huinamiana kabla ya kuanza, au huiinamia picha ukutani. Imepokewa na at-Tirmidhiy kutoka kwa Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliulizwa kuhusu mtu kumwinamia ndugu yake anapokutana naye, akakataza, na akaruhusu kupeana mkono. Basi mwambie mwalimu mapema, kwa adabu, siku ya kwanza. Kupeana mkono kabla ya kuanza ni desturi iliyokwishazoeleka katika mchezo huu, na walimu wengi hawaoni tabu.

'Awrah. Kwa Jumhuri ya Wanachuoni, 'awrah ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Suruali ya vazi la jiu-jitsu inasitiri vizuri. Katika mazoezi yasiyo na vazi hilo, kaptura fupi haitoshi, na suruali ya kubana peke yake inachora maungo. Vaa ya kubana na juu yake kaptura pana inayofika chini ya magoti.

Wanaume na wanawake. Kwa maelezo yaliyotangulia, msomaji ameona jinsi mchezo huu ulivyo wa kifua kwa kifua. Hapana nafasi ya kusema mwanamume na mwanamke wasio mahaarim wazoezane ilhali nia ni safi. Wanawake wazoezane na wanawake, mahali pasipotazamwa na wanaume. Dada asikate tamaa kwa hilo, kwani sehemu nyingi sasa zina vipindi vya wanawake peke yao, na kanuni za IBJJF zinaruhusu mwanamke kuvaa kifuniko cha kichwa kinachobana, kisicho na kitu kigumu wala kamba.

Uso. Hadiyth iliyo kwa al-Bukhaariy na Muslim inakataza kupiga uso. Jiu-jitsu haina kupiga, na hiyo ni fadhila yake juu ya ndondi. Lakini wako wanaopita gadi kwa kumsaga mwenzao usoni kwa mfupa wa mkono ili ageuze kichwa. Si kupiga, ila ni katika mambo yanayofaa kuachwa baina ya ndugu. Njia tuliyoieleza inabana bega na paja, haihitaji uso.

Wudhuu. Jasho halitengui wudhuu, na kushikana wanaume kwa wanaume hakutengui. Ama aliyekabwa mpaka akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, wudhuu wake umetenguka na ni lazima autie upya kabla ya Swalaah. Asirudi kwenye mkeka siku hiyo, na kama kichwa kinamuuma, anatapika au anachanganyikiwa, apelekwe hospitali.

Wa-Allaahu A'lam.